Eja ya umeme ya bei chee: nilibana pesa kwenye waya ikanitokea puani

Wakuu salama? Hii ni kwa wenzangu wa huku Houston mliobahatika kupata kanyumba na kauwanja mbele, maana mwaka jana mshkaji aliniuliza anunue eja gani nikamjibu "yoyote tu kaka, zote zinakata", na kweli zote zinakata ila nilisahau kumwambia habari ya waya.

Kwa asiyeijua, eja ni kimashine chenye tairi na kisu cha chuma kilichosimama wima, unakisukuma kando ya zege kinachana udongo na kutenganisha ukoka na njia. Kazi ileile mzee wangu kule Tanga alikuwa anaifanya kwa panga na kamba, anafunga kamba kigingi hadi kigingi halafu anapita amechuchumaa, ukingo unanyooka kama umepigwa rula. Mi nilijaribu hivyo mwaka wa kwanza hapa, jua la Texas la mwezi wa saba, panga linagonga zege linatoa cheche, mgongo ukaniuma siku tatu nikaacha.

Shida ni kwamba nyasi za mitaa mingi huku ni St. Augustine, ule ukoka wa majani mapana, haukui juu tu bali unatambaa, unarusha vikonyo juu ya zege na ukizembea msimu mmoja njia ya kupita watu inabaki nusu. Mimi nilizembea misimu miwili. Barua ya HOA, kile chama cha wenye nyumba wa mtaa kinachosimamia usafi wa viwanja, ikaja na picha kabisa, wamepiga njia yangu kama wanapiga eneo la ajali.

Nikaanza na trima ya kamba, ile inayofyeka nyasi kwa kamba ya plastiki inayozunguka, nikaigeuza ubavu, maana video zote zinasema inatosha. Inatosha kama ukingo tayari upo, unafuatisha tu. Ila mizizi iliyokaa miaka miwili haiichani, kamba inakatika kila ikigusa zege, na mstari unatoka kama mtoto aliyejinyoa mwenyewe mbele ya kioo.

Basi nikaingia kutafuta eja yenyewe. Ya petroli nikaipita haraka, sina hamu ya kuwasha kitu kwa kuvuta kamba mara ishirini baada ya kukaa gereji miezi minne. Ya betri ni tamu ila betri na chaja ndo zinakula hela, labda uwe tayari na betri za kampuni hiyohiyo. Kwa kauwanja kadogo ya waya inatosha. Na ukishafika kwenye za waya za bei ya chini utaona uchaguzi si mkubwa kihivyo, Black+Decker LE750 na WORX WG896 ni kama mtu na mdogo wake, zote ampea 12, kisu inchi 7.5, kina unachagua kati ya vitatu na cha mwisho ni inchi 1 na nusu. Nikachukua LE750 kwa sababu mbili tu: siku ile bei yake ilikuwa chini kidogo ya dola 100, na inageuka kuwa ya kuchimba kamfereji, kitu ambacho mke wangu alikuwa anakitaka kuzunguka maua yake. Jambo lingine nililoangalia ni visu vya akiba, chake ni EB-007 na kinapatikana kirahisi. Udongo wenye mchanga na zege vinakila kisu hadi kinabaki kidogo kama sahani ya chai, kwa hiyo usinunue mashine ambayo kisu chake hukioni popote.

Sasa waya. Mashine inakuja na kimkia kifupi tu, ekstensheni ni juu yako. Mi nikatoa ile ya taa za Krismasi, nyembamba, futi 100, nikachomeka. Dakika kumi mashine inalia kinyonge kama ng'ombe mgonjwa, nikafikiri nimeuziwa mbovu nikaanza kutafuta risiti niirudishe, kushika ekstensheni iko moto! Mashine haikuwa na kosa, haipati umeme wa kutosha. Kwa ampea 12 futi 50 unaweza kutumia geji 16, futi 100 tafuta geji 14, na kumbuka geji namba ikipungua ndo waya unanenepa. Iwe ya nje, na soketi iwe ile yenye kitufe cha testi na riseti, inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Niliponunua ya geji 14 mashine ileile ikaunguruma mpaka nikashtuka.

Siku ya kwanza usitegemee kukimbia. Subiri siku mbili baada ya mvua, udongo uwe laini lakini nyasi zimekauka, maana umeme na majimaji ni mauti. Anza kina kifupi, pita, kisha ongeza, ukiikandamiza inchi 1 na nusu moja kwa moja inarukaruka. Mimi nilipopita mara ya pili ukatoka ukanda mzima wa ukoka na udongo, mrefu kama kamba ya jahazi, nikauzoa kwa toroli na chini yake zege nyeupe ambalo sikuwahi kuliona tangu ninunue nyumba. Vaa miwani na suruali ndefu, kijiwe kilinipata ugokoni bado alama ipo. Na kama unachimba mfereji piga 811 kwanza, namba ya simu ya huku ya kuulizia waya na mabomba yaliyofukiwa, waje waweke alama bure, jirani yangu hakupiga akakata waya wa intaneti wa kwake mwenyewe.

Kona za mviringo inasumbua, tairi linataka mstari ulionyooka, hapo namalizia na trima.

Halafu naombeni, msiniambie niwatumie hii kitu Bongo. Ni ya volti 120, ukiichomeka kwenye 230 ya kwetu mota inaungua palepale, na transfoma ya kubeba wati 1,440 bila kuhema ni zigo lenyewe. Mliopo Dar tafuteni ya 220 hadi 240.

Sasa hivi napita kila wiki mbili, dakika ishirini hivi, na HOA wamekaa kimya. Jirani wa intaneti anakuja kuiazima Jumamosi. Eja nampa. Ekstensheni nimemwambia aje na ya kwake.