TAHADHARI: Muuza "mtambo wa RO" anayezunguka Dodoma na glasi mbili za maji

Ndugu zangu mnaopika bia nyumbani, yule jamaa wa begi jeusi anayepita Ipagala na Kisasa na "mtambo wa RO wa hatua saba" (RO ni kuyasukuma maji kwenye utando mwembamba sana unaozuia chumvi) ni TAPELI. Laki nne na themanini zimekwenda.

Anavyofanya ni hivi. Anaweka glasi mbili mezani. Moja anaijaza bombani mbele ya macho yenu, nyingine anaimiminia kutoka kwenye chupa yake, anasema hayo yamepita kwenye mtambo. Anazamisha kipimo cha TDS, yaani jumla ya madini yaliyoyeyuka majini kwa miligramu kwa lita: ya bomba 640, ya chupa 12. Hapo hajadanganya, namba ni za kweli. Kisha anatoa kile kidude chenye vyuma vinne vinavyoning'inia, anavitumbukiza kwenye glasi zote mbili, anawasha umeme. Dakika haijaisha, maji ya bomba yanaanza kufuka ukijani chini ya vyuma, yanakuwa chai ya rangi, mwisho tope zito lenye mapovu linaelea juu. Glasi ya pili imetulia tu. "Haya ndiyo mnayopikia bia," anasema. Meza nzima kimya. Aibu gani hii, watu tunaopima pH (kiwango cha uchachu) ya kimea hadi desimali tumekaa tunaitazama kutu na kuiita uchafu!

Ndiyo, ni kutu. Umeme ukipita majini unakila kile chuma, na kinacholiwa ndicho kinachogeuka tope. Maji ya bomba yanapitisha umeme kwa sababu yana kalsiamu, magnesi, bikaboneti na chumvi. Ya RO karibu hayapitishi, ndiyo maana yametulia. Tieni ncha ya kijiko ya chumvi ya jikoni kwenye glasi ya maji hayo safi, mzamishe misumari miwili iliyounganishwa na betri ya volti 12: yanachafuka vilevile. Tulijaribu siku tatu baadaye, hela imeshaondoka.

Msituulize kwa nini tulimwamini. Maji ya visima vya Mzakwe nani hayajui? Birika linaota ukoko mweupe, bia nyepesi inatoka na ukakasi. Aliposema bikaboneti inapandisha pH ya kimea juu ya 5.6 na kukamua ukakasi kwenye maganda, alisema kweli. Hata ile harufu ya plasta ya hospitali inayoletwa na klorini ikikutana na kimea, anaijua.

Sasa mtambo wenyewe. Makopo saba, tumeyafungua yote. Lililoandikwa membreni, ule utando wenyewe wa RO, ni TUPU. Yaliyobaki ni vichujio vya tope na mkaa. Mkaa unaondoa klorini, sawa, lakini chumvi na chokaa vinapita kama kawaida: yanaingia 640, yanatoka 630. Membreni nzima inatoa zaidi ya asilimia 90. Na RO inataka msukumo wa karibu baa 3, wakati simtanki kwenye mnara wa mita 3 linakupa baa 0.3. Hakuuza pampu! Wala hakuna mpira wa maji ya kumwaga, na RO yoyote ya kweli lazima imwage. Alipoulizwa akajibu, "Hii ya kisasa haipotezi." Mwizi mkubwa.

Kinachouma zaidi ni kwamba ile hela haikuhitajika. Kwanza TDS haikwambii ni madini gani, inajumlisha tu. Kupima bikaboneti, chukua matone ya KH wanayotumia wafuga samaki wa mapambo: mililita 5 za maji, hesabu matone hadi rangi igeuke, kila tone ni miligramu 17.9 kwa lita (kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti). Bikaboneti ikiwa juu, chemsha dakika 15 hadi 20, acha ilale usiku, chota maji ya juu, uji mweupe ubaki chini. Kilichobaki kishushe kwa asidi ya laktiki ya asilimia 88. Mililita 1 kwenye lita 20 inapunguza kama miligramu 30 kwa lita kwa hesabu hiyohiyo. Klorini iondoe kwa robo kidonge cha metabisulfaiti kwa lita 20, watengeneza mvinyo wa hapa kwetu wanayo. Chumvi yenyewe haitoki kwa kuchemsha, hiyo punguza kwa kuchanganya na maji ya RO. Ukipikia ya RO matupu, tia gramu 4 za jasi au kalsiamu kloridi kwa lita 20, maana chachu inahitaji kalsiamu.

Huyu mtu akamatwe. Asirudishiwe begi, asionewe huruma, apelekwe polisi na kile kidude chake, TBS nao wakione. Anawatisha akina mama wenye watoto wachanga kwa glasi hizohizo, anawauzia makopo hayohayo! Afungwe.

Mkimwona: haruhusu uje na maji yako ya chupa, hakubali kufungua makopo, anataka taslimu. Aliyenunua kwake na kuandikiwa jina kwenye risiti ailete, maana yetu imeandikwa "vifaa" tu, na namba ya simu iliyopo haipatikani.