Bigijii za nikotini 4 mg: zinakata arosto, ila uzijulie

Naanza na jibu kabisa manake najua wengi ndo mnalolitafuta: ndio, hizi bigijii za kukusaidia kuacha fegi zinafanya kazi. Nilikua mtu wa pakiti kwa siku, fegi ya kwanza kabla hata ya mswaki, na sa hivi sivuti, na hizi bigijii ndo zimenivusha. Ila kuna washkaji nawajua walizinunua wakazitupa ndani ya wiki wakasema ni utapeli, ukiwauliza mlikua mnazitumiaje unakuta hamna aliyewaelekeza, wamezitafuna kama bablishi za dukani.

Na siwalaumu. Famasi niliyonunua mimi nilipewa boksi, hela ikachukuliwa, basi, hakuna aliyeniuliza navuta kiasi gani wala kama nataka 2 mg au 4 mg, na karatasi ya ndani ni Kiingereza kitupu halafu maandishi madogo mpaka uisogeze kwenye taa. Kwa dawa ya bei ile mtu anastahili maelezo ya dakika mbili jamani.

Kwa hiyo nawaelekeza mimi. Ishu ya 2 au 4 angalia ukiamka unavuta ya kwanza saa ngapi. Kama ni ndani ya nusu saa tangu ufumbue macho chukua 4 mg, kama unaweza kukaa zaidi ya hapo 2 mg inakutosha. Mvutaji mzito akichukua 2 mg arosto haikatiki vizuri, anaona bora arudi kwenye fegi yake.

Kutafuna sasa. Unaitafuna taratibu sana mpaka usikie inaanza kuchonyota kwenye ulimi kama umeng'ata pilipili manga, hapo hapo unaacha, unaibana kati ya shavu na ufizi inatulia. Ule muwasho ukififia unatafuna tena kidogo, unahamishia upande wa pili, hivyo hivyo mpaka nusu saa iishe. Sababu ni kwamba nikotini yake inaingilia kwenye nyama laini za mdomoni, ukiitafuna fasta inatoka yote kwa mkupuo unaimeza na mate, inaenda tumboni ambako haikusaidii chochote zaidi ya kukuletea kwikwi, kiungulia na kichefuchefu. Ndo maana watu wanasema "inanichefua".

Afu kitu ambacho kwa sisi watu wa vijiweni ni muhimu kuliko vyote: kahawa. Kahawa, soda, juisi ya ukwaju, vyote vina asidi na vinazuia ile nikotini isiingie mdomoni. Ukinywa kahawa na kashata afu ukatupia bigijii juu yake, umetupa hela. Subiri dakika 15 hivi ndo uweke, na ikiwa mdomoni usile wala usinywe kitu. Jioni kijiweni ndo pagumu kuliko pote, wenzako wanawasha, moshi unakupitia puani, mimi nilikua naiweka mdomoni mapema kabla sijafika kabisa, kahawa yenyewe naiacha mpaka bigijii iishe. Hii ya kuwahi ni muhimu kwa sababu pafu la fegi linafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu, bigijii inachukua dakika nyingi kupanda, ukisubiri arosto ikubane koo ushachelewa.

Kosa lingine ni ubahili. Watu wanatafuna moja asubuhi moja jioni kisa bei. Wiki 6 za mwanzo ni moja kila baada ya saa 1 au 2, angalau 9 kwa siku, na usizidishe 24. Wiki ya 7 mpaka ya 9 unasogeza iwe kila saa 2 mpaka 4, kisha 4 mpaka 8, na wiki ya 12 ndo unamaliza. Ndo hesabu yenyewe, na ndo inayouma mfukoni.

Hapa kwenye bei nitasema wazi, inakera. Bigijii na plasta za nikotini (zile za kubandika kwenye ngozi) ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, lakini fegi unauziwa moja moja kila genge hata usiku wa manane, dawa ya kuiacha unazunguka famasi mji mzima. Zingekua zinatolewa kwenye zahanati zetu, hapo tungeona watu wanaacha. Plasta mimi niliitafuta nikaikosa, ingawa ukiweza kupata plasta na bigijii ukatumia pamoja inasaidia zaidi kuliko moja peke yake.

Kuna wanaoniuliza si nikotini ile ile? Ni ile ile ndio. Ila nikotini ndo inayokufunga usiache, kansa na mapafu kuharibika vinaletwa na moshi wenyewe, ule una kemikali zaidi ya 7,000 pamoja na lami. Hapa moshi hamna.

Ladha yangu ilikua ya mint, siku za mwanzo chungu, baadae unazoea. Taya zinachoka. Mwenye meno bandia zinanata, kwake labda zile pipi za nikotini za kumung'unya. Mjamzito au mwenye tatizo la moyo aongee na daktari kwanza, na ziwekwe mbali na watoto manake wakiziona watajua ni bablishi kweli, na nikotini kwa mtoto ni sumu.

Mimi nazipa nyota nne, ya tano imeliwa na bei. Aliye Mwanza, Dodoma au Tanga akiziona famasi aandike bei na kama kuna 2 mg, kuna watu wananiuliza huko nakosa cha kuwajibu.