Gari la kukodi Querétaro mpaka Guanajuato: gari poa, kaunta yao ndo shida

Nawapa nyota tatu na zote ni za gari. Mimi na rafiki yangu tulichukua kagari kadogo ka gia za mkono hapo Querétaro, Meksiko, tukapita San Miguel de Allende hadi Guanajuato tukarudi, na hakakuzingua hata kidogo, breki freshi, kiyoyozi kinapuliza, mafuta kanakunywa kidogo mno. Shida bei. Mtandaoni unaona bei ya kutupa, ukifika kaunta unaambiwa bima ya kumlipa utakayemgonga haimo na bila hiyo hupewi funguo, basi hela ikapanda ikapita mara mbili. Bima sina ugomvi nayo jamani, Meksiko ni lazima, ila si mngeiweka kwenye bei toka mwanzo?? Rafiki yangu alibishana na jamaa mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kuguna.

Kutoka Querétaro ni raha, ule mfereji wa maji wa zamani wa matao 74 unapita juu na magari yanakatiza chini yake. Njiani angalia matuta tu, mengine hayana rangi wala kibao. San Miguel sasa, barabara ni mawe matupu na vilima, tulipofika chini ya lile kanisa la pinki meno yanagongana.

Guanajuato ndo gari linageuka mzigo. Magari mengi yanapita kwenye mahandaki chini ya mji, mengine zamani yalikuwa njia ya mto, na humo ndani kuna mpaka njia panda, ramani ya simu inakata unaibukia mtaa usioujua. Tukaliacha paking ya kulipia tukatembea kwa miguu, vichochoro vyenyewe gari halipiti. Nendeni Alhóndiga de Granaditas, ghala la nafaka ambalo watu wa Hidalgo, yule padri aliyeanzisha vita vya uhuru wa Meksiko, waliliteka 1810, alivyouawa mwaka uliofuata wahispania wakaning'iniza kichwa chake na vya wenzake watatu kwenye kona zake nne, vikakaa hapo mpaka 1821. Rafiki yangu alikuwa anatafuna, akaacha.

Kurudisha sasa, jamaa kapiga magoti anamulika rimu na tochi, mchana kweupe! Tukamwonyesha video tuliyopiga kabla ya kutoka, mkwaruzo uleule upo, akasaini kimyakimya. Dipoziti ilirudi yote ila ilichelewa.