Hekalu la Ramanathaswamy, Rameswaram: mkavu, umelowa, kisha mkavu tena

Rameswaram iko kwenye kisiwa cha Pamban, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Hekalu lake ni moja ya Jyotirlinga 12, yaani mahekalu makuu ya mungu Shiva, na linahesabiwa katika Char Dham, vituo vinne vikuu vya hija vya Wahindu, pamoja na Badrinath, Dwarka na Puri, kwa hiyo watu hawakosekani. Foleni inavumilika. Kinachowaharibia wengi asubuhi yao ni kupanga vibaya: unajikuta umelowa chapachapa mahali ambapo sharti uwe mkavu.

Nashauri uanze ukiwa mkavu. Milango hufunguliwa saa 11 alfajiri, na lingamu (nguzo fupi inayomwakilisha Shiva) ya spatika, yaani ile ya jiwe angavu kama kioo, huonyeshwa kwa muda wa saa moja hivi tu. Ukitangulia baharini, umeikosa hadi kesho yake.

Ukitoka hapo, pita lango la mashariki, lenye mnara wa mita 38 hivi, ushuke Agni Theertham. Ni bahari yenyewe, mwendo wa dakika mbili tatu. Maji ni matulivu na si ya kina, lakini chini kuna nguo zilizoachwa na mahujaji na hunasa miguu, basi tembea kwa kuburuta nyayo. Zama mara tatu huku umefunga mdomo, utoke. Usafi wa maji hayo si wa kusifiwa.

Sasa rudi ndani, ukiwa umelowa hivyo hivyo, kwenye visima 22 vitakatifu vya hekalu. Cha kwanza ni Mahalakshmi, cha mwisho Kodi Theertham. Tiketi ya dirishani ni rupia 25. Mteka maji husimama ukingoni, hutumbukiza ndoo ndogo yenye kamba, huivuta na kukumwagia kichwani, kisha unakwenda kisima kinachofuata. Wapo watakaojitolea kukupitisha haraka kwa malipo ya pembeni. Ukikubali, patana bei ya kundi zima kabla ya ndoo ya kwanza, kwa sababu ukishalowa huna nguvu ya kubishana. Visima viko jirani kabisa na bahari, lakini maji ya vingi si ya chumvi, na ladha hubadilika kutoka kimoja hadi kingine.

Hatari kubwa hapa ni sakafu. Ni mawe yaliyolainishwa na nyayo za miaka mingi, yana maji saa zote, na watu wanasukumana. Mzee ashikwe mkono, na miwani ivuliwe kabla ya kumwagiwa. Kwa mavazi, vaa pamba ya rangi iliyokolea. Nyeupe ikilowa huonyesha kila kitu. Salwar kamizi ni nyepesi kuliko sari, ambayo hunywa maji na kukuelemea. Mwanamume anaweza kujifunga kikoi chake cha nyumbani badala ya dhoti, mradi avae kaptura ndani. Pesa kidogo tia kwenye mfuko wa nailoni, pasipoti ibaki unakolala. Simu nayo iache huko huko: mwaka 2022 mahakama kuu ya Madras iliagiza zipigwe marufuku katika mahekalu ya jimbo hilo.

Baada ya Kodi Theertham, badilisha nguo. Mwenye nguo mbichi haingii kwenye chumba kitakatifu, na asiye Mhindu pia huzuiwa hapo. Ndani kuna lingamu mbili: Ramalingam, ambayo mapokeo yanasema Sita, mke wa mungu Rama, aliifinyanga kwa mchanga, na Vishwalingam, aliyoileta Hanuman, mungu-nyani mtumishi wa Rama, kutoka mlima Kailash akachelewa. Ya Hanuman ndiyo huabudiwa kwanza, kwa agizo la Rama.

Hekalu hufungwa saa 7 mchana hadi saa 9, kisha hubaki wazi mpaka saa 3 usiku. Alasiri ndiyo wakati wa ushoroba wa nje. Una nguzo zaidi ya 1,200, kimo chake karibu mita 7, na mstari wake umenyooka hadi macho yanashindwa. Kwangu hicho ndicho kitu bora kuliko vyote humo, na asubuhi wengi hupita mbio wakitiririka maji bila kukitazama. Kwa sababu ya umati, epuka siku za Amavasya, mwezi unapokuwa hauonekani kabisa, na hasa Mahashivaratri, sikukuu kuu ya Shiva.

Uwanja wa ndege wa karibu ni Madurai, kilomita 170 hivi. Treni zilisimama Desemba 2022 kwa sababu daraja la Pamban la mwaka 1914 lilikuwa limechakaa. Daraja jipya lilifunguliwa Aprili 2025. Atokaye Kenya, Uganda au Kongo abebe kadi ya homa ya manjano, na chanjo iwe imetimiza siku 10, la sivyo anaweza kuwekwa karantini akitua India. Anayepeleka maji ya mto mtakatifu Ganga kwa ibada, kama desturi ilivyo, ayatie kwenye sanduku la kupakiwa chini ya ndege, maana mkononi yanaweza kuzuiwa.

Ukibakiwa na nusu siku, chukua bajaji au jipu hadi Dhanushkodi, mji uliofagiliwa na kimbunga cha Desemba 1964. Nenda mapema, magari huzuiwa kuingia jioni.