Kozi ya Kicheki Praha: jioni nzima na jina Václav

Juzi nimemaliza kozi ya jioni ya Kicheki hapa Praha: wiki kumi, Jumanne na Alhamisi. Anayejiuliza kama alipe ada, alipe, hasa kwa ajili ya somo la majina.

Siku nilipotua, kibao cha uwanja wa ndege kilisomeka Letiště Václava Havla. Nilidhani Václava ni mwanamke. Kumbe ni Václav Havel aliyekuwa rais, na maneno hayo maana yake "uwanja wa Václav Havel". Sisi tunatia "wa" na jina linabaki salama. Wacheki hubadili mwisho wa jina lenyewe, na Havel anapoteza hata ile "e" yake.

Mwalimu wetu alilishika jina hilo moja akalitembeza katika hali zote saba, yaani miisho saba ambayo jina hubadilishiwa kulingana na kazi yake katika sentensi. Alianza na asili: zamani lilikuwa Věceslav, yaani "více", zaidi, na "sláva", utukufu. Ukimpa kitu, unampa Václavovi. Ukienda naye, unakwenda "s Václavem". Hali ya tano ni ya kuita tu: Václave! Akatuambia tutege masikio. Ukisema Václav, "v" ya mwisho inatoka "f", kama Vátslaf. Ukiita Václave, "v" inarudi. Tulirudia hadi ikakaa mdomoni.

Wiki ya sita akatupeleka Václavské náměstí, yaani Uwanja wa Václav, kwenye sanamu ya Mtakatifu Václav juu ya farasi, mtawala wa Bohemia aliyeuawa mjini Stará Boleslav katika karne ya 10. Maandishi ya pale chini yanaanza: "Svatý Václave". Wanamwita! Sarufi ya darasani nikaiona imechongwa kwenye jiwe, tena ni dua.

Kasoro zipo. Tulikuwa 16, na wa nyuma hapati zamu ya kuongea. Karatasi za mazoezi zilitolewa kopi hafifu, alama za juu ya herufi zikafutika. Kwa Kicheki hilo si dogo: "dal" ni alitoa, "dál" ni mbele zaidi.

Mzee wa ghorofa ya chini nilimwita "pan Václav", yaani bwana Václav, miaka miwili. Wiki iliyopita nikamwambia, "Dobrý den, pane Václave." Akaweka chini mfuko wa takataka, akanishika mkono, akasema watu wa kwao humwita Vašek, jina la utani la Václav. Kesho yake tukakutana ngazini. Nikamwita: Vašku!