TAHADHARI KWA WENYE MAGARI: Muuzaji wa krenki, beringi na pistoni zilizofufuliwa hapa Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu wenye magari na mafundi wa Malindi, Watamu, Mambrui, Gongoni na Marafa, pamoja nanyi wa Lamu mnaokuja huku kutafuta spea. Yupo mtu hapa mjini anayekusanya sehemu za ndani za injini zilizochakaa, akaziosha, akazipiga msasa, akazifunga katika karatasi ya mafuta na maboksi mapya, kisha akaziuza kwa bei ya kitu kizima. Amekula shilingi 78,000 zangu, na juu ya fedha hizo amenivunjia heshima mbele ya abiria wangu na kunifanya gumzo la stendi. Jina lake sitaliandika hapa kwa kuwa taarifa iko mikononi mwa polisi, lakini namna anavyofanya kazi yake nitaieleza yote, ili atakayekutana naye amtambue kwa mwenendo.

Gari langu ni la kubeba abiria, na siku moja maji ya injini yalichemka, injini ikaharibika. Injini ni 5L ya Toyota, dizeli ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,986. Fundi alipoifungua alikuta bloku ni nzima na silinda bado zimo katika kipimo, zikihitaji kupigwa honi tu, yaani kusuguliwa ndani kwa jiwe, lakini krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa imechimbika na mifereji ya ringi kwenye pistoni ilikuwa imepanuka. Ikabidi nitafute krenki iliyotumika ambayo bado ni nzima, pamoja na seti ya pistoni, ringi na beringi mpya, zile nusu duara zinazoishika krenki. Naliweka hili wazi kwa sababu wapo walioanza kusema kwamba nilipenda rahisi. Krenki iliyotumika si takataka. Krenki, konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki), kemshafti (mhimili unaofungua vali) na silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) hurudishwa ndani ya injini na mafundi wa kila nchi, mradi zimepimwa na zimo ndani ya mipaka ya kitabu cha matengenezo. Visivyorudishwa ni beringi, ringi, gasketi, sili na zile bolti zinazovutika zikikazwa. Kwa hiyo nilichokwenda kununua ni kile ambacho fundi yeyote mwenye akili zake angenituma nikanunue.

Nilifika kwake baada ya sala ya alasiri pamoja na shemeji yangu. Alitukaribisha, akaagiza kahawa, akatandaza gunia safi juu ya meza na kuileta krenki mwenyewe. Aliilaza juu ya vipande viwili vya mbao vilivyokatwa pembe ili isibiringike, akaifuta mafuta kwa kitambaa cheupe na kunionyesha kitambaa hicho nione kwamba hakikutoka na kutu. Kisha akasema, "Ami, usinunue kwa maneno yangu. Pitisha ukucha." Nikapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya shingo za krenki, yaani zile sehemu za mviringo zinazokaliwa na beringi, moja baada ya nyingine, na ukucha haukukwama popote. Akachukua kipande cha shaba nyekundu, akakisugua juu ya shingo mojawapo na kunieleza kwamba shingo yenye mikwaruzo hula shaba na kubaki na mstari mwekundu. Niliinama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma, na mstari haukuwapo. Akamwita kijana wake, wakaining'iniza krenki kwa kamba kwenye boriti, akaigonga kwa nyundo ndogo nayo ikalia kama kengele, naye akainua kidole ili tunyamaze tusikilize mpaka mlio ulipofifia wenyewe. "Yenye ufa hulia ko, ikanyamaza," alisema.

Hakuishia hapo. Alitoa maikromita, chombo cha kupima unene kwa usahihi, kwenye kisanduku chake cha mbao, akaihakiki kwa kile kifimbo chake cha chuma, akapima shingo kuu ya katikati, moja ya zile zinazokaa kwenye bloku, akaisoma namba kwa sauti, kisha akanipa niisome kwa macho yangu. Akafungua kurasa za kitabu cha matengenezo zilizochapwa na kuweka kidole penye mstari wa kipimo hicho. Namba ilikuwa sahihi. Akapima shingo kuu ya pili, nayo ikawa sahihi, na hapo kahawa ikaletwa, mazungumzo yakahamia kwenye beringi, na maikromita ikarudi kisandukuni. Shingo nne za konrodi, ambazo ndizo hubeba kipigo cha pistoni kila moto unapolipuka, hazikupimwa hata moja. Tafadhalini mnisome vizuri hapa: kuna aliyeniuliza jana kwa kejeli kama nilikuwa nimelala. Sikulala. Mtu anayekupa chombo mkononi usome mwenyewe humdhanii kwamba amechagua cha kukusomesha.

Boksi la beringi lilikuwa limefungwa kwa gundi na lakiri yake, na ndani yake beringi zilikuwa zimevikwa karatasi ya kahawia yenye mafuta. Alifungua jozi moja tu, akaishika kwa kingo, akaigeuza mbele ya taa uso wake wa kijivu ukang'aa, akanikataza nisiiguse kwa sababu jasho la mkono na vumbi huharibu uso wa beringi. Hilo ni kweli. Muulizeni fundi yeyote. Pistoni zilikuwa nyeupe pe, hazina masizi wala alama ya moto kichwani. Na kilichonimaliza kabisa ni konrodi. Nilikuwa nimeona konrodi moja nzuri pembeni nikamwuliza bei, akaichukua, akaitazama mwangani, akaitupa kwenye pipa la chuma chakavu na kusema, "Hii sikuuzii, imepinda, itakuulia injini." Muuzaji anayekunyima bidhaa yake kwa kuogopa injini yako isife, utamshuku kwa lipi? Shemeji yangu, ambaye si mtu wa kusifu watu ovyo, alinigusa kiwiko na kuninong'oneza nilipe. Nililipa papo hapo, nikapewa risiti, nikapewa maneno ya garantii, na juu yake nikapewa dumu la oili nzito kama zawadi ya kuanzia injini.

Ndipo ninapotaka mnielewe, maana watu wanadhani tapeli ni mtu anayesema uongo. Huyu kila alichonieleza kuhusu krenki kilikuwa kweli. Ukucha hufanya kazi, shaba hufanya kazi, nyundo hufanya kazi. Aliifanya elimu ya kweli kuwa chambo, akanionyesha majaribio ambayo krenki ile ingeyapita na kuyaacha yale ambayo isingeyapita.

Fundi wangu alifunga kila kitu kwa utaratibu, akakaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na vikombe vya beringi kuu havikubadilishana nafasi hata kimoja. Injini iliwaka vizuri. Asubuhi ikiwa baridi haikuwa na kasoro, lakini ikishapata moto taa ya oili ilianza kupepesa kila niliposimama kupakia, na nikikanyaga mafuta kidogo taa hiyo inazimika. Nilimpigia simu muuzaji, akanijibu kwa upole kwamba injini mpya inajizoesha. Haikuzoea kitu. Tulikuwa tumevuka daraja la Sabaki tukielekea Mambrui, gari limejaa, ndipo mgongano ulipoanza chini, kwanza mwepesi, kisha mzito unaofuata mzunguko wa injini, na nikazima kabla konrodi haijatoboa bloku. Abiria walishuka juani. Mwalimu mmoja aliyekuwa akiwahi mtihani wa wanafunzi wake hakunitukana, akanitazama tu, na afadhali angenitukana.

Sampu, lile karai la oili chini ya injini, ilipofunguliwa, oili ilikuwa inametameta kwa unga wa rangi ya shaba. Tuliipeleka krenki kwa mzee wa kerezo, mashine ya kuchonga vyuma, ambaye hana kahawa wala maneno mengi. Alipima kila shingo ya konrodi mara nne, miisho yote miwili na kila mwisho kwa pande mbili zinazokatana, na akaandika kwa chaki. Shingo mbili zilikuwa zimepoteza mviringo, moja kwa milimita 0.06, ilhali kitabu hakiruhusu zaidi ya 0.02. Zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa wa mkono mpaka zikalainika, na hapo ndipo ukucha wangu ulipodanganyika, kwa kuwa ukucha husikia mkwaruzo, hausikii shingo iliyoliwa upande mmoja. Oili hukosa pa kushikilia kwenye nafasi isiyo sawa, presha hushuka, na beringi husagika.

Beringi zenyewe mzee alizigeuza upande wa mgongo, upande ambao mimi sikuonyeshwa. Migongo ilikuwa na madoa ya oili iliyoungua na mabaka ya kung'aa yanayotokana na kukaa muda mrefu ndani ya konrodi nyingine, na penye chapa ya kipimo palikuwa pamekwanguliwa. Pistoni zilikuwa zimepigwa mchanga kwa mashine ya upepo ndipo zikawa nyeupe. Ile mistari myembamba ya kerezo iliyopo kwenye sketi, yaani ubavu wa chini, ya pistoni mpya, ambayo hushikilia oili, ilikuwa imefutika, na kwenye vitundu vya oili ndani ya mfereji wa ringi mzee alichokoa kwa sindano punje za mchanga, akaziweka kwenye kiganja changu. Mchanga huo ndio niliokuwa nikiuzungusha ndani ya injini yangu.

Nilirudi kwake na vitu vyote. Kwanza alisema fundi wangu hakukaza sawasawa. Alipoambiwa kuhusu spana ya torki akasema oili ilikuwa mbaya, na nilipomkumbusha kwamba oili ni ile aliyonipa yeye, akaingia ndani na kumtuma kijana aseme ametoka. Simu zangu hazipokelewi tena.

Sitaki apigwe na mtu asimguse, lakini nataka ashitakiwe mpaka mwisho. Kupata fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitatu. Kwa maoni yangu miaka hiyo mitatu yote ni halali yake. Nataka leseni yake ya biashara ifutwe. Nataka mwenye jumba alilopanga ajue kinachofanyika nyuma ya mlango wake, na mafundi wanaompelekea wateja wakarudishe kile wanachopewa mkononi, maana wapo, na wanajijua. Gari la abiria likikwama barabarani usiku kwenye njia ya Garsen si hasara ya mwenye gari peke yake. Nataka azirudishe fedha zangu, na akikataa nitazifuata kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa sheria ya mwaka 2016 husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Na nataka asimame mbele ya abiria wale awaeleze kwa nini walishushwa juani. Hili la mwisho najua halimo katika sheria yoyote.

Dalili zenyewe, kwa wanaoniuliza: hakukubali krenki ipelekwe kwenye kerezo nyingine kabla ya malipo, akisema itagongwa njiani. Jina lililotokea kwenye M-Pesa nilipolipa halikuwa lake. Risiti imeandikwa "spea za injini" tu, bila namba ya spea wala kipimo. Aling'ang'ania nitumie oili yake nzito, ambayo sasa naelewa ilikuwa ya kuficha upungufu wa presha kwa muda. Na mgongo wa beringi, ndugu zangu, angalieni mgongo wa beringi.

Mwenye kitu kutoka kwake ambacho hakijafungwa asikifunge mpaka apimiwe shingo zote, kuu na za konrodi. Ambaye ameshafunga na taa ya oili inapepesa injini ikiwa moto, azime na afungue sampu sasa, kwa sababu kubadilisha beringi mapema ni nafuu kuliko bloku. Vilivyoharibika msivioshe wala msimrudishie kwa ahadi ya kubadilishiwa, maana ndivyo ushahidi wenu. Viandikeni tarehe, mvifunge, mwende navyo kituoni mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Wawili wameshanitafuta kwa siri, mmoja anatoka Mokowe, na wote wawili wanaona haya kujitokeza. Njooni na risiti zenu, hata kama imeandikwa nusu, tuandikishe pamoja.