Kisanduku cha vitendanishi: miezi mitatu nacho hapa Tanga

Nafundisha tusheni ya kemia kwa kidato cha nne, barazani kwangu, maabara sina. Mwezi wa pili nilinunua kisanduku cha kupimia ioni na gesi kwa elfu tisini: chupa ndogo kumi na mbili za vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na karatasi za kupimia.

Kilichonikuna ni shaba. Matone mawili ya amonia kwenye maji ya mrututu (kopa salfeti), yanatokea mashapo ya buluu hafifu. Ongeza amonia, mashapo yanayeyuka, inabaki buluu iliyokoza hadi vijana wakanyamaza. Chuma nacho hakikosei: kwa sodiamu haidroksaidi, chuma (II) hutoa kijani chafu, chuma (III) rangi ya kutu. Ila ile ya kijani ikikaa, juu inageuka kahawia kwa sababu ya hewa, kwa hiyo mwanafunzi aandike rangi mapema.

Sasa lawama. Silva naitreti, ile ya kupimia kloridi kwa ukungu mweupe, imekuja kwenye chupa angavu, wakati haipatani kabisa na mwanga. Wiki ya tatu chini kulishakuwa na weusi, nikaiviringishia foili. Kijitabu nacho kinasema "yeyusha kwa maji safi", basi. Tukachota ya bomba. Kila sampuli ikatoa ukungu mweupe, kila mtoto akaandika kloridi ipo, hata mwenye naitreti tupu! Nikadondosha kwenye maji ya bomba peke yake: ukungu uleule, kumbe kloridi ilikuwa ya bomba. Sasa nanunua maji ya betri (maji yaliyoondolewa chumvi, jamani, si asidi ya betri) na kabla ya kipindi nayajaribu yenyewe kwanza.

Karatasi za kobalti kloridi zilitakiwa ziwe buluu, zigeuke waridi zikigusa maji. Zangu zilifika waridi tayari; unyevu wa pwani huu na pakiti ya nailoni isiyofungwa vizuri. Nilizishika kwa koleo juu ya jiko la mkaa, mbali kidogo na makaa, zikarudi buluu. Nazihifadhi kwenye kopo la kukaza pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu.

Jirani yangu alipoziona akaleta jagi la maji ya kisima chake, apimiwe kama yanafaa kunywa. Nikamwambia, mama, hii itageuka waridi hata kwa maji ya mtaro.

Vitendanishi nyota nne, ufungashaji moja.